Ninarudi, na Sikufukuzwa

Usharika wetu kule Njombe umekuwa ukipokea vijana wa Kizungu wa kujitolea tangu nikiwa mtoto. Wanakuja, wanapaka rangi madarasa tuliyoyapaka wenyewe mwaka uliotangulia, wanajifunza kusema "kamwene", salamu yetu, kwa sauti ya puani, wanapendwa na watoto, na muda wao ukiisha tunachinja mbuzi. Tunawafunga vitenge, wanalia, na sisi tunalia kidogo kwa heshima, kisha wanapanda gari wanakwenda zao. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mtu akimshika mmoja wao mkono na kumuuliza kwa huruma, sasa mwenzetu, unarudi kwenu kufanya nini? Inajulikana tu kwamba mtu ana kwao, na kazi ikiisha anarudi.

Mimi nilipokaribia kumaliza mwaka wangu wa kujitolea Houston, Marekani, swali hilo niliulizwa na kila mwenye mdomo. Niliulizwa kanisani. Niliulizwa kwenye duka tunakonunua unga wa ugali na dagaa, nikiwa kwenye foleni. Niliulizwa na mtu niliyekutana naye kwa mara ya kwanza, akiwa bado hajauachia mkono wangu wa salamu. Mwanzoni nilijibu kwa adabu: nina kazi, nina mama, nina kiwanja na msingi wa nyumba. Baadaye nilichoka, nikawa nauliza na mimi: kwani wewe ulikuja kufanya nini? Wengi hawakulipenda hilo.

Nieleze kwanza nilifikaje. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi katika kituo cha afya karibu na kwetu kwa miaka mingi. Kanisa moja la Houston lilikuwa linatafuta mtu anayejua Kiswahili na mambo ya uzazi, akae mwaka mmoja katika kituo chao cha mtaa wa Sharpstown kuwasaidia akina mama wakimbizi kutoka Kongo. Mchungaji wetu alinitaja mimi. Nikaomba likizo bila malipo, nikapewa, na mganga mfawidhi akaniambia nafasi yangu itanisubiri mwaka huo mmoja, asije akasikia nataka mwaka mwingine. Kule nilipewa chumba, chakula na tiketi za basi. Kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza akina mama kliniki, nikae katikati ya mama na daktari, nigeuze maneno ya huyu yamfikie yule.

Ilikuwa kazi nzuri na niliifanya vizuri. Sioni haja ya kujishusha. Lakini kilichoniudhi kuliko vyote hakikuwa kliniki. Mama anajifungua leo, keshokutwa ameshatolewa hospitali, amepanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya majengo yale ya kupanga, amefungiwa ndani na kiyoyozi kinachounguruma, na mumewe ameingia zamu kiwandani. Yuko peke yake na mtoto mchanga, na chakula kilichobaki kwenye friji. Mzazi! Kwetu mzazi haachwi hata kwenda chooni peke yake. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anashikwa na wengine ili yeye alale. Na kwao Kongo ni hivyo hivyo, niliwauliza. Wakaniambia hapa kila mtu yuko kwake, na watu wanaogopa kugonga mlango wa mtu.

Basi nikaanza kugonga mimi. Nilichukua sufuria, unga na pilipili manga, nikaenda kwa mzazi wa kwanza, nikampikia, nikamkanda. Mara ya pili nikamvuta jirani yake wa chini. Alikuwa mama wa Kikongo wa makamo, mwenye watoto wakubwa, anayeongea kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya barabara. Huyo ndiye aliyenielewa haraka kuliko wote. Kabla ya nusu ya mwaka wangu, akina mama wa majengo yale walikuwa wamejipanga kwa zamu: huyu asubuhi, yule mchana, mwingine usiku mume akiwa kazini. Msimamizi wa kituo, Mmarekani mwenye moyo mzuri, aliniuliza mradi ule tuuite jina gani ili auandike kwenye ripoti. Nikamwambia hauna jina, ni jinsi watu wanavyoishi. Hakuridhika, akaubunia mwenyewe jina refu la Kiingereza ambalo hakuna mama hata mmoja aliyeweza kulitamka.

Miezi miwili kabla ya kuondoka kwangu, kaka yangu anayeishi DeSoto, kule Dallas, alinipigia akaniita nikawatembelee kabla sijasafiri. Alisema wifi anataka kunipikia. Nikapanda basi la asubuhi nikafurahi, maana kwa mwaka ule tulikuwa tumeonana mara chache. Nilipoingia sebuleni nikakuta viti vimepangwa duara, na Watanzania wenzao wanne wameketi na sahani za pilau magotini. Nikajua nimeitiwa kikao.

Kaka alifungua kwa sala. Baada ya amina akaanza kunieleza maisha yangu.

"Sikiliza," alisema. "Uki-apply chuo mwezi huu, una-change status kabla viza haija-expire. Unaanza na kazi ya kuhudumia wazee, baadaye unasomea nursing ya huku. Watu wanauza mashamba kupata nafasi ambayo wewe unataka kuitupa."

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Bwana mmoja mwenye kampuni ya kupeleka wahudumu majumbani alisema anaweza kunipokea hata kesho. Dada mmoja alijua chuo, na alikuwa na namba ya mtu wa chuo. Wifi alisema nikihamia kwao nitakuwa na chumba changu, na watoto watapata mtu wa kuwafundisha Kiswahili, na tena zamu zake za usiku hospitalini zingekuwa rahisi kukiwa na mtu mzima ndani. Alilisema hilo la mwisho akiangalia pembeni. Simlaumu. Ila nilianza kuona kwamba huruma ya wengine ilikuwa na shughuli zake.

Nikawaambia nina kazi nyumbani. Kaka akacheka, akasema kile si kituo cha afya, ni banda, hakina hata umeme.

"Kina umeme," nikamwambia. "Wewe ndiye hujafika siku nyingi."

Watu wakatazama sahani zao. Kaka akachukua rimoti, akabonyeza, na kwenye televisheni kubwa ya ukutani akatokea mama yetu.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kilemba. Kule ilikuwa imeshapita saa nne usiku, na mama yangu saa mbili huwa ameshazima taa. Nikaelewa kwamba amewekwa macho kwa ajili hii, kwamba kaka amempanga, na kwamba ameambiwa avae vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema alichoitiwa kusema.

"Mwanangu, kaa huko."

Nikamuuliza kwa nini. Mama hakuzungumzia chuo wala mshahara. Alisema mtu harudi kutoka Marekani kwa miguu yake. Alinikumbusha kijana wa jirani yetu aliyerudishwa kutoka nje, jinsi mama yake alivyoacha kwenda hata sokoni. Akasema nikitokea na masanduku yangu, hakuna atakayeamini kwamba nimemaliza. Watasema nimefukuzwa, watasema nimefanya jambo, watasema naumwa. Yeye ni mzee, alisema, hana nguvu tena za kujibu watu.

Sebule nzima ilikuwa inanitazama. Nilimpenda mama wakati ule kama ninavyompenda siku zote, na nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo. Maisha yangu yote sijawahi kumjibu. Nikimpinga, humpinga kwa kunyamaza na kufanya langu taratibu, kama walivyofanya dada zangu na shangazi zangu. Siku ile sikunyamaza.

"Mama, mimi sijafukuzwa na mtu," nilisema. "Niliitwa kufanya kazi ya mwaka mmoja, nimeifanya. Narudi kwa sababu nataka kurudi. Watakaosema, waache waseme, na mimi nitakuwa pale wananiona."

Mama alitazama chini. Akasema amechoka, anakwenda kulala, na uso wake ukatoweka ukutani. Mtoto mdogo wa kaka akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama shangazi amefanya kosa. Wifi akaanza kukusanya sahani.

Kuanzia hapo mama hakupokea simu zangu. Na hapo ndipo palipokuwa na uzito wenyewe wa jambo hili. Kumkatalia kaka niliweza. Kuukataa uchumi wa Marekani na nyumba zake zenye gereji mbili niliweza bila shida. Lakini kusafiri nchi zote zile nifike kwenye mlango wa mama ambaye hataki nifike, hilo sikujua nitaliwezaje. Niliapa kwamba nitalifanya hivyo hivyo, lakini kuapa si kujua.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijarudi Houston, kengele ya mlango wa kaka ililia mfululizo. Ninyi mlioko huku mnaijua desturi yetu: masanduku ya anayesafiri kwenda nyumbani si yake. Ni ya jumuiya. Habari ikishasambaa kwamba fulani anaondoka, watu wanaleta viatu, vitamini, simu, wigi, suti ya bwana harusi, na msafiri anabaki kupima masanduku kwenye mzani wa bafuni na kuzitoa nguo zake mwenyewe ili za wengine ziingie. Tena anatakiwa ashukuru kwa kuaminiwa. Basi nao wakaja. Bwana mwenye kampuni alikuja na kifurushi cha manukato na kompyuta. Dada wa chuo alikuja na viatu vya wapwa zake, na vilikuwa vya wapwa wengi.

Nilisimama pale mlangoni nikawatazama. Jana yake hawa watu waliniambia kwamba kule hakuna kitu, hakuna maisha, hakuna wa kurudia. Leo wameamka mapema kupeleka zawadi huko huko.

Nikasema sibebi. Wifi akafikiri natania. Akaninong'oneza kama najua yule bwana ni nani katika jumuiya. Nikasema najua, na yeye anajua uwanja wa ndege uko wapi, ana pasipoti na ana uwezo, mzigo wake aupeleke mwenyewe, nyumbani hakujafungwa. Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye gari lake. Kaka alitoka chumbani akanitazama kama mtu anayemwona mdogo wake kwa mara ya kwanza, na nadhani kidogo alitaka kucheka, ila hakuthubutu.

Mmoja tu nilimkubalia. Alikuwa kwenye kikao na hakusema neno, mtu mzima, mwenye mvi. Aliposikia jibu langu aliurudisha mfuko wake kwapani na kuanza kuondoka. Nikamfuata hadi barabarani nikamuuliza ni wa nani. Akasema ni shali na mashine ya kupimia presha, ya mama yake aliyeko Makambako. Makaratasi yake ya kuishi huku hayajakaa sawa miaka yote hii, alisema, na akitoka hataingia tena, na watoto wake wako hapa. Huo mfuko niliuchukua. Nilimwahidi kwamba shali nitamfunga mama yake kwa mikono yangu, na presha nitampima mimi mwenyewe. Alishindwa kunitazama usoni.

Nikarudi Houston. Rafiki yangu Mkenya, nesi anayeishi Missouri City, jirani na Houston, alinipokea kituo cha basi, na habari za DeSoto zilikuwa zimeshamfikia kwa njia wanazozijua wao. Alicheka njia nzima.

"Wewe ni mkali aki," aliniambia. "Lakini wacha nikuulize. Si utapitia Nairobi? Kuna kitu kidogo nilitaka u-drop tu hapo airport, sister yangu akuje achukue."

Nilimweleza kwamba nitakaa pale muda wa kubadilisha ndege tu, na abiria wa kuunganisha hatoki nje. Akasema sister yake anajuana na mtu. Nikamwambia hapana. Akanuna hadi taa tatu za barabarani, kisha akanunua samaki wa kukaanga tukala ndani ya gari. Huyo nitamkosa sana, na nilimwambia hivyo.

Siku zilizobaki nilizitumia kwa jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Niliacha kwenda kwa waliojifungua. Nilitaka kuona kama zamu zile zinatembea kwa miguu yao au zinatembea kwa miguu yangu. Mama mmoja kijana alijifungua katika wiki hizo. Nilimtafsiria hospitali, nikamfikisha mlangoni kwake, nikageuka nikaenda chumbani kwangu nikakaa. Nilikaa vibaya. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilijiambia hawatakumbuka pilipili manga, hawatamkanda mgongo vizuri, watamwacha alale na mtoto kifuani. Nilikuwa nawaombea wafaulu na moyoni natamani wakwame kidogo waniite.

Hawakuniita. Siku ya nne nilishindwa, nikaenda kama mgeni, mikono mitupu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na akina mama sita, maji yanachemka, mtoto yuko mikononi mwa mmoja, mzazi amelala fofofo. Yule jirani wa sauti kubwa aliniona nikielekea jikoni kwa mazoea, akanizuia kwa mkono.

"Ikala, dada," alisema. "Leo weye ni mugeni. Utapewa uji."

Nikaketi kwenye kochi nikapewa uji. Niliona wivu, nauita kwa jina lake, na nyuma ya wivu nikaona fahari iliyonijaa hadi kifuani. Uji ulikuwa mzito kuliko ninavyoupika mimi na tangawizi ilizidi. Niliumaliza wote.

Baadaye yule mama alinisindikiza chini hadi nje, ambako joto lilikuwa bado linatoka kwenye lami. Nilimweleza habari za kikao, za mama yangu, za simu zisizopokewa. Yeye hakuwa ameniuliza hata siku moja kwa nini narudi, na nikamwambia hilo pia, kwamba ni yeye peke yake.

"Mi siwezi kuuliza ile," alisema. "Kijiji yetu ilishaunguaka, hata mwenye kunijua hakubakia. Kama kwetu kungekuwa, mi ningekuwa nilishafika. Weye uko na kwenu, na mama yako iko muzima. Enda. Akikasirika, atakasirika na weye ukiwa pale."

Kisha akapanda ngazi zake taratibu akishika magoti, akarudi kwa mzazi, maana zamu ya mchana ilikuwa yake.

Niliupata ujasiri wa kumpigia mama tena siku chache kabla ya safari. Sikumpigia kupitia kwa kaka wala kwa video. Nilimpigia simu ya kawaida, asubuhi ya kule, saa anayotoka kukamua ng'ombe. Akapokea. Tulisalimiana kama watu wasiojuana vizuri. Akanieleza kwamba mvua zimeanza, kwamba viazi vimepandwa, kwamba dada yangu mkubwa ana mafua. Nikamsikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na hakunipa nafasi.

Halafu akasema watu wameshajua. Mke wa mzee wa kanisa alimsimamisha baada ya ibada akamuuliza mbele ya wenzake kama ni kweli binti yake anarudishwa. Nikafumba macho. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nimewaambia mimi ndiye niliyekuita," mama alisema. "Nimesema naumwa miguu, nimekuita uje uniangalie. Basi wakanyamaza."

Nilielewa alichonifanyia. Mama yangu ana miguu ya kupanda mlima na ndoo kichwani. Alikuwa amesema uongo kanisani ili mimi nipate pa kupita. Wengine wangeshukuru wakaliacha hapo. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimewakatalia watu wote wale kwa sababu niliyotaka isikike ni ile ya kweli, na sasa mama yangu alikuwa anaifunika kwa shuka.

"Mama, usiwaambie hivyo," nikasema. "Wewe huumwi. Waambie nimemaliza kazi na nimetaka mwenyewe kurudi."

Upande wa pili nilisikia ndoo ikiwekwa chini, na ng'ombe, na pumzi ya mama.

"Hayo," alisema, "utakuja kuwaambia mwenyewe."